Picha Iliyokaa Kwenye Akaunti Yangu

Ofisi yetu ya misaada ilikuwa pembezoni mwa kambi ya wakimbizi, upande wa juu, pale barabara ya vumbi jekundu inapopinda kuelekea Ngara mjini. Ilikuwa nyumba ya matofali mabichi yenye vyumba vitatu, imeezekwa kwa bati, na nyuma yake kulikuwa na kibanda cha jenereta. Mimi nilikuwa mchapaji. Nilitoka Mabawe, nikiwa nimemaliza kidato cha nne na kozi fupi ya kompyuta, na kazi ile niliipata kwa sababu nilijua kuchapa na kwa sababu lugha yangu ya nyumbani ni Kihangaza. Mhangaza na Mrundi wakikaa pamoja hawahitaji mkalimani. Maneno yanatofautiana hapa na pale, lakini mtu akikueleza msiba wake utamwelewa tangu mwanzo hadi mwisho.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya kambi. Wanyarwanda walikwisha kuondoka zamani. Walikuwa wamebaki Warundi, nao walishaanza kurudishwa kwao kwa malori, kundi baada ya kundi, kupitia mpaka wa Kabanga.

Kompyuta tulikuwa nayo moja, na tuliitumia watu wawili, mkuu wa ofisi na mimi. Kila mmoja alikuwa na akaunti yake. Ukiiwasha, inakuuliza wewe ni nani, unachagua jina lako, unaandika neno la siri, ndipo inakufungulia vitu vyako. Kwangu kulikuwa na barua za ofisi, taarifa za kila mwezi, na folda moja ya picha. Picha hizo zilipigwa na mgeni aliyekuja kutazama bustani za mboga za akina mama wa kambini. Alizihamisha kutoka kwenye kamera yake, akasema huenda zikatufaa kwenye taarifa, akaondoka. Sikuzitazama tena mpaka siku mzee mmoja aliposimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa mke wangu yuko humu."

Nikadhani anatafuta ndugu aliyepoteana naye njiani, kama wengi waliokuja kwetu. Nikaanza kumwelekeza ofisi inayohusika. Akatikisa kichwa taratibu.

"Hajapotea," akasema kwa Kirundi. "Amefariki. Tulimzika kule bondeni. Lakini wenzake wa bustani wanasema alipigwa picha, na picha iko kwenye mashine yako."

Nikamvutia kiti. Nikafungua folda, nikaanza kumwonyesha picha moja baada ya nyingine: akina mama wameshika majembe, akina mama wamepanga mstari, kichanga mgongoni, ndoo, kabichi. Alikuwa ameinamia skrini. Kisha akaweka kiganja mezani, nami nikaishia kwenye picha hiyo.

Alikuwa mama mwenye mwili, amejifunga kitenge cha kijani na kilemba cha njano, amesimama katikati ya matuta ya mchicha. Mkono mmoja ulikuwa umeinuka na mdomo uko wazi. Hakuwa anacheka kama wenzake.

"Anasema," mzee akanieleza. "Anamwambia yule mgeni asikanyage matuta. Mimi nilikuwepo. Alimwambia mara ya kwanza, mgeni hakuelewa lugha. Akamwambia tena." Akacheka kidogo, kicheko cha puani, kisha kikakatika, akawa anatazama tu.

Malaria ndiyo iliyomchukua, wakati wa masika, ikampanda kichwani. Walikuwa wameishi pamoja tangu ujana wao, wakakimbia pamoja, wakajenga mara mbili kambini baada ya kibanda cha kwanza kuungua. Watoto wao hakuwataja, na mimi sikuuliza. Katika ofisi ile tulijifunza kwamba mtu asipotaja watoto, usimuulize.

Siku hiyo nilimchapishia ile picha kwenye karatasi ya kawaida, kwa wino mweusi. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti. Baada ya muda alirudi. Mvua ilikuwa imepenya kwenye turubai la nyumba yake na karatasi imekuwa uji. Nikasema nitamchapishia nyingine, akakataa.

"Karatasi inamfanya mweusi mtupu. Humu ana rangi zake. Kama si usumbufu, nitakuwa nakuja kumsalimia."

Basi akawa anakuja. Akisikia jenereta inanguruma alipanda kile kilima taratibu, akatuamkia, akaketi kwenye kiti cha pembeni. Nilikuwa namfungulia picha, mimi naendelea kupanga makaratasi. Alimwambia mkewe "mwaramutse", salamu ya asubuhi, kama anayemkuta jikoni, kisha akampa habari za nyumbani: mvua imenyesha au haijanyesha, jirani gani amepanda lori kurudi Burundi, nani amepewa yale matuta yake na anayatunza vipi. Hakulia. Alisema kwa sauti ya kawaida, ya mtu aliyeoa zamani. Akimaliza alivaa kofia, akanishukuru, akashuka.

Mkuu wetu mwanzoni alikunja uso. Ofisi ilikuwa na kazi nyingi na mafuta ya jenereta hayakuwa mengi. Lakini baada ya kumsikia mzee mara moja, ingawa hakuelewa maneno, ikawa akimwona anapanda kilima anachukua simu yake na kutoka nje, kama aliyekumbuka jambo.

Niseme na upande wangu. Baba yangu alifariki mimi nikiwa mgongoni mwa mama. Hakuwahi kupigwa picha hata moja. Nilipokuwa mdogo mama aliniambia nimechukua paji lake la uso, basi nilikuwa nachukua kipande cha kioo, nafunika pua na mdomo kwa kiganja, naangalia sehemu iliyobaki. Ndivyo nilivyomfahamu baba, kuanzia nyusi kwenda juu. Kwa hiyo mzee alipokuja, mimi sikuona usumbufu.

Kirusi cha kompyuta kililetwa na flashi. Mwenzetu mmoja alirudi kutoka Biharamulo kwenye kikao, akaleta muhtasari nimchapishie. Naye hakujua alichobeba. Wakati ule kila mtu alichomeka flashi yake popote. Muhtasari ulifunguka vizuri nikauchapa. Kesho yake kompyuta ikawa nzito. Ukibofya kitu, unangoja mpaka unasahau ulikuwa unataka nini. Folda zikaanza kupotea na mahali pake kubaki vijina vya ajabu ambavyo sikuviandika. Siku iliyofuata nikaandika neno langu la siri, skrini ikatulia, kisha ikafunguka tupu. Barua zangu hazikuwepo, wala taarifa, wala folda yoyote. Kulikuwa na ujumbe wa Kiingereza kwamba vitu vya mtumiaji huyu haviwezi kupatikana na kwamba nimefunguliwa mahali pa muda. Nikazima, nikawasha tena, ikawa vilevile.

Akaunti ya mkuu ilikuwa inafunguka kwa shida, lakini ilifunguka.

Mzee alikuja siku hiyohiyo. Akakaa kwenye kiti chake, kofia magotini, akangoja.

"Leo hayupo, baba," nikamwambia. "Mashine imeugua. Kuna kitu kimeingia, kinaharibu vitu vya watu."

"Kimeingia kutoka wapi?"

"Kutoka nje. Kimebebwa na mtu bila kujua."

Akaitazama ile skrini tupu. "Hata humu wamemfuata," akasema, si kwa hasira. Kisha akaniuliza kama mimi nimepoteza kazi zangu, nikasema ndiyo, akanipa pole. Alipoondoka nilitoka nje, nikasimama nyuma ya kibanda cha jenereta kwa muda.

Mkuu aliagiza fundi kutoka Ngara mjini. Alikuwa kijana wa familia ya wafanyabiashara Waislamu ambao babu zao walitoka pwani, wakafungua duka na kubaki. Baba yake aliuza vitenge na vyombo, yeye akachukua upande mmoja wa duka akaweka mashine ya fotokopi, akawa anapiga picha za paspoti na kutengeneza kompyuta. Kiswahili chake kilikuwa laini, kimenyooka. Sisi wa huku tulipozungumza naye tulijisikia tunakwaruza. Alikuja kwa pikipiki, begi mgongoni, akaketi kwenye kiti changu na hakuinuka mpaka adhuhuri.

"Kwanza tukiue," akasema. "Ukianza kurudisha vitu wakati bado kiko hai, unakipikia chakula."

Alikuwa na CD ya kusafisha virusi. Ikapita faili kwa faili, nasi tukaisubiri. Ilipomaliza akaingia kwa akaunti kuu, ile yenye mamlaka ya mashine nzima, akanionyesha mahali ambapo kila mtumiaji anawekewa vitu vyake. Jina langu lilikuwepo.

"Ona, dada. Akaunti yako haikufutwa. Iliyovurugika ni ile sehemu inayoitambulisha kwa mashine, ndiyo maana ukiingia inakuona mgeni. Hii haitengenezeki. Nitakufungulia akaunti mpya, kisha nitavichukua vitu vyako huku vya zamani, nivihamishie kule kimoja kimoja, na kila kimoja nikikague."

"Na picha?"

"Tutaziona."

Mkuu akaingia kuuliza kama kazi inakaribia kwisha. Fundi akamweleza. Mkuu akasema taarifa ya mwezi imeshachelewa, na kama kufuta mashine nzima na kuanza upya ni haraka zaidi, basi afute. Taarifa za zamani zipo kwenye makaratasi. Kwa upande wake ilikuwa haki. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa picha ya mke wa mtu haikuwa kazi ya ofisi.

Wakati huohuo mzee akatokea mlangoni. Fundi akainuka nusu, akamwambia "shikamoo", akarudi kwenye kazi. Mzee akasimama nyuma yake, akitazama yale majina yanayopita kwenye skrini. Alipokwenda kunywa maji nje kwenye pipa, fundi akaniuliza huyu ni nani, nikamweleza kwa maneno machache. Mkuu naye alikuwa bado amesimama pale.

Fundi akaondoa mkono kwenye kibodi. "Mkuu," akasema, "nipe mpaka kesho."

Mkuu akatazama nje, kwa mzee aliyekuwa anakinga maji kwa kiganja. "Mpaka kesho," akasema.

Barua zilirudi. Taarifa zilirudi, zilikuwa zimefichwa tu, na akaunti yangu mpya ikaanza kujaa vitu vyangu vya zamani. Mkuu alifurahi, akasema tumepona. Folda ya picha fundi aliiacha mwisho. Alipoifungua, picha zote zilionekana zimepangwa katika vidirisha vyake vidogo, kila kimoja kama stempu ya barua. Nikamwona mama wa kilemba cha njano. Fundi akambofya ili afunguke mzima. Kikaja kidirisha cheusi na maneno kwamba picha hii haifunguki. Akajaribu nyingine na nyingine, zote vilevile.

Akajaribu njia zake nyingine, nikimwona anavyotoka jasho ingawa hapakuwa na joto. Mwisho akajiegemeza kwenye kiti.

"Barua kilizificha. Picha kimeziandikia juu," akasema. "Mtu akifuta ubao akaandika upuuzi wake, hata ukiufuta ule upuuzi, somo la mwanzo halirudi."

"Lakini naziona hapa."

"Hivyo ni vipicha tu, dada. Ukifungua folda, mashine hujitengenezea vipicha vya kukuonyesha na kuviweka pembeni. Kirusi hakikuvigusa. Picha zenyewe hazipo."

Fundi akajisogeza tena mezani. Kisha akabonyeza kitufe cha kunakili kila kilichoko kwenye skrini, akakata kile kipande chenye yule mama, akajaribu kukikuza. Kadiri alivyokikuza, uso ulivunjikavunjika ukawa viraka vya rangi. Akakirudisha kikawa kidogo tena. Akakihifadhi kwenye CD na kusema atakwenda kukisafisha dukani kwake kadiri atakavyoweza, kwenye karatasi halisi ya picha.

Aliileta baada ya siku chache. Ilikuwa na ukubwa wa picha ya paspoti. Ukiishika mbali na macho, ulimwona mama amesimama kwenye kijani, kilemba cha njano, mkono umeinuka. Ukiisogeza karibu, uso ulikuwa ukungu wa kahawia wenye vivuli viwili mahali pa macho. Fundi hakutaka kumsubiri mzee. Aliniachia bahasha, akawasha pikipiki yake.

Mzee alikuwa na habari zake alipokuja. Zamu yake ya kurudi imetangazwa, lori lake litaondoka juma lijalo. Alisema hivyo kabla hajaketi. Nami nikamweleza yote: kwamba barua zimerudi, kwamba picha haikurudi, kwamba hiki ndicho kilichookolewa. Nikampa.

Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Alisimama pale akinipa mgongo.

"Kitambaa ni chake," akasema. "Mkono ni wake." Akaisogeza tena karibu na macho. "Lakini amenyamaza."

Nikasimama karibu naye nikatazama. Ni kweli. Ule mdomo uliokuwa wazi, ukimkataza mgeni asikanyage matuta, haukuwepo. Ukungu ulikuwa umeufunika, na sasa alikuwa mwanamke yeyote aliyeinua mkono, huenda anaaga, huenda anapunga nzi.

"Pole, baba," nikasema.

"Ahsante, mwanangu. Mmehangaika." Akaifunga kwenye kipande cha nailoni, akakikunja mara kadhaa, akakitia mfuko wa ndani wa koti na kufunga kifungo. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Una nafasi ya kunisindikiza?"

Tukashuka wote hadi bondeni, kwenye makaburi ya kambi. Yalikuwa mengi kuliko nilivyojua, vilima vidogo vya udongo vyenye misalaba ya fito, mingi imeliwa na mchwa. La mkewe lilikuwa ukingoni, karibu na mti wa mkaratusi uliokatwa ukachipua tena. Alikuwa amelizungushia mawe. Akaniambia jina la mkewe lote, la kuzaliwa na la ubatizo, na jina la kilima walikotoka, maana kwao kilima ndicho kijiji, akanitaka niyarudie. Nikayarudia.

"Hapa hapatakuwa na mtu wa kwetu," akasema. "Wote tunaondoka. Wewe ni wa hapa. Nataka awepo mtu anayejua kwamba huyu si mawe tu."

Akainama, akang'oa majani machache, ingawa kaburi lilikuwa safi. Nami nikang'oa. Kisha tukapanda juu.

Siku ya lori nilikwenda. Watu walikuwa wengi, magodoro, mbuzi, milango ya mbao waliyoing'oa kwenye nyumba zao waende nayo. Yeye alikuwa na mfuko mmoja na jembe. Tulishikana mikono, akapanda, akapata nafasi karibu na ubavu wa lori. Lilipoanza kwenda aliweka kiganja kifuani, juu ya koti, sijui kama alikuwa ananiaga au anakagua kama kile kinailoni kipo. Nilipunga mpaka vumbi likawafunika.

Kambi ikafungwa. Ofisi yetu ikafungwa pia, kompyuta ikapelekwa Biharamulo, na kabla haijapakiwa mkuu aliniambia nifute akaunti yangu ili atakayeipokea aanze na mashine safi. Nilinakili barua kwenye CD kwa ajili ya ofisi. Folda ya picha niliifungua mara ya mwisho, nikatazama vile vidirisha, nikaifunga, nikafuta akaunti. Hapakuwa na kitu cha kuokoa mle. Hata hivyo mkono ulikataa mara mbili kabla ya kubonyeza.

Miaka miwili mitatu niliendelea kushuka bondeni, hasa baada ya masika, kung'oa majani. Kisha niliolewa Nemba, na Nemba si karibu. Mara ya mwisho nilipopita, nyumba za kambi zilikuwa zimerudi kuwa udongo, watu wa vijiji wamelima mihogo mpaka karibu na makaburi, na ule mkaratusi umekatwa tena. Mawe niliyakuta baada ya kutafuta sana. Nilisema jina lake kwa sauti, na jina la kilima chake, kisha nikaondoka kabla jua halijawa kali.

Habari za mzee nilizipata mara moja tu. Nilikuwa Kabanga sokoni, nikamsikia mama mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka anataja kile kilima alipokuwa anajadiliana bei na mnunuzi. Nikamsogelea, nikamweleza mtu ninayemuulizia. Alifikiri kidogo, akamkumbuka. Mzee alirudi kwao, yule mama akasema, akakuta shamba lake lina watu, watoto wa ndugu yake waliozaliwa yeye akiwa ukimbizini. Hawakumfukuza. Walimpa sehemu ya pembeni akajenga kibanda, akawa analima mboga.

"Bado yupo?" nikauliza.

Akasema yeye alihama kilima kile tangu alipoolewa mara ya pili, hajui. Akaniuliza kama nanunua maharage. Nikanunua kidogo.